Jioni Isiyo na Moshi Kwa Kalaba

Habari za Mama Kulthumu nitazisema mimi, Victorine, kwa sababu mume wangu Donat akizisema yeye anaanzia mwisho, pale anapoonekana mtu mzuri. Hapana. Tunaanza mwanzo.

Kijiji chetu kinaitwa Kwa Kalaba. Ukitoka Lubumbashi unapita kiwanja cha ndege cha Luano, unaacha ndege zikipaa nyuma yako, unashika njia ya Kinsevere, halafu unakata kushoto penye vichuguu vikubwa. Babu zetu walitoka kaskazini ya Katanga kuja kujenga reli na kuchimba shaba. Walipochoka kuamshwa na king'ora cha kazi, wakashika majembe. Kitu walichokuja nacho ni kipande cha reli, ambacho mpaka leo kinaning'inia mbele ya kanisa na tunakigonga tukitaka kuitana. Tangu hapo sisi ni watu wa mahindi, na mahindi ni bukari, ule ugali wetu mweupe. Mtu wa hapa asipokula bukari anasema hajala, hata kama tumbo limemjaa mpaka shingoni. Na Donat wangu ndiye mkubwa wao.

Kulthumu alikuja na mume wake Zakari, fundi cherehani kutoka mtaa wa Naviundu mjini, Mwislamu mwenye asili ya Maniema. Mtu mpole! Alishonea watoto wa Wakatoliki nguo nyingi za Krismasi kuliko Wakatoliki wenyewe. Alitaka kuzeeka akisikia majogoo badala ya pikipiki. Maskini, hakuzeeka. Tulimzika chini ya kilima, kaburi la kwanza la Mwislamu katika udongo wetu, wanaume wetu wakichimba na shehe kutoka mjini akiwaelekeza. Arobaini ilipopita, Mariam, dada yake Kulthumu, akaja na gari kumchukua. Kulthumu akakataa kupanda.

"Nitamwachia nani Zakari?" akauliza. "Hawa watu wa bukari?"

Mariam akarudi Naviundu na gari tupu.

Lakini kubaki ni kula. Shamba la juu ambalo Zakari alikuwa akilima lilikuwa la kuazima, na mwenyewe akalidai. Likabaki bonde kule chini, ambako masika yote maji yanasimama na mahindi yanaoza. Hakuna aliyelitaka. Kulthumu akaenda kwa chifu wetu, Kalaba kama babu yake, akaliomba. Alisema atapanda mpunga, kama mama yake alivyokuwa akipanda kule Kasongo, Maniema.

Sasa sikieni balaa. Wiki ileile akatokea Clovis, mchoma matofali wa mjini, kijana wa miwani ya jua hata mvua ikinyesha. Yeye alitaka kuchimba udongo wa lile bonde, na kwa malipo angeezeka kanisa letu mabati mapya. Mabati! Watu wakaanza kutazama juu kila ibada. Chifu akakuna kichwa, akasema bonde ni la kulisha watu kwanza. Mama Kulthumu alime msimu mmoja, likikataa, Clovis alete majembe yake. Kila mtu alijua maana yake. Bonde likienda, Kulthumu anarudi kulala sebuleni kwa Mariam, na Zakari anabaki peke yake chini ya kilima.

Mpunga ukaota. Nilikuwa nashuka kuutazama, kijani kizuri, nikawa najivuna kama ni mimi niliyepanda. Katikati ya masika Kulthumu akaenda Naviundu kumwoza binti wa Mariam. Hapo ndipo bwana wangu alipopata wazo. Donat ana moyo mzuri, sikatai, shida ni kwamba moyo unatangulia, macho yanafuata baadaye.

"Bantu, yule mama ni mujane," akawaambia wenzake. "Shamba yake inajaa majani. Tumusaidie!"

Wakashuka kijiji kizima, chifu naye mbele na suruali imekunjwa. Mimi nilikuwa jikoni natengeneza munkoyo, kinywaji chetu cha mizizi, wa kuwanywesha. Wakapalilia kwa nyimbo. Wakarudi wamechafuka, wamefurahi, wanapigana mabega.

Kulthumu alirudi na halua ya harusi imefungwa kwenye khanga. Donat hakungoja hata atue mzigo. "Yaya," akamwita, ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, "kuya uone! Tulikusafishia shamba!" Tukashuka wote. Kulthumu akasimama ukingoni. Akatazama bonde, akatazama lundo la majani makavu pembeni, akainama akaokota shina moja.

"Papa Donat," akasema polepole. "Ile yenye mulitoa, njo muchele. Na ile yenye mulibakisha, njo majani."

Jamani! Waling'oa mpunga, wakaacha magugu. Nani kati yetu aliwahi kuona mpunga ukiwa mbichi? Sisi mchele tunaujua kwenye gunia. Wanaume wazima wakawa wanatazama vidole vya miguu. Kulthumu akakaa chini kwenye tope, akacheka, na kucheka kukageuka kilio, nami nikakaa naye nikalia, halafu nikainuka nikamgeukia mume wangu. Niliyomwambia siku ile siwezi kuyarudia, kuna watoto wanasikiliza.

Clovis aliposikia akaja mbio. Msimu si umekwisha? Chifu akakohoa. Alikuwa bado na tope la mpunga kwenye kucha. Akasema Mama Kulthumu apewe msimu mwingine, wa mwisho. Mbegu ilikuwepo: Kulthumu alikuwa ametundika kibuyu kimoja juu ya jiko, hakumwambia mtu.

Donat badala ya kunyamaza akainuka. Aibu ilikuwa inamchoma, na yeye aibu ikimchoma anabishana.

"Chef, hata akivuna, muchele ni chakula ya bagonjwa na ya harusi. Utakula saa hizi, jioni utapika bukari. Bonde italisha nani?"

Watu wakaguna kwamba ni kweli. Chifu akafikiri, akasema: "Sawa. Siku ya mavuno Mama Kulthumu atalisha kijiji muchana. Jioni nitatembea. Nikiona moshi ku jiko hata moja, bantu hawakushiba, na Clovis atachimba."

Nilitaka kumpiga mtu na mwiko.

Masika yakarudi. Safari hii hakuna aliyethubutu kugusa unyasi bila kumwuliza Kulthumu. Mpunga ukapanda, ukachanua, ukaanza kuinamisha vichwa. Ndipo ndege walipokuja. Walitua wengi mpaka mashina yakalala. Kulthumu alikuwa amejenga dungu katikati ya bonde, akapanda juu, akapiga kelele na kurusha mawe mpaka sauti ikamkauka. Nikipeleka uji namkuta ananong'ona tu, macho mekundu. Akaniambia, "Victorine, nimechoka. Nimechoka kweli." Niliogopa, kwa sababu sijawahi kumsikia akisema hivyo, hata siku ya maziko.

Asubuhi moja tukasikia reli inalia. Si mbele ya kanisa, inalilia bondeni! Tukakimbia tukidhani ni moto. Tulimkuta Donat juu ya dungu, ameishusha reli ya babu zetu, ameibeba begani mpaka pale, ameitundika na anaigonga kwa nyundo jasho likimtoka, na ndege wanapaa kama vumbi. Chini, Kulthumu amelala usingizi kwenye mkeka. Hatukuulizana. Mwingine alikimbilia sufuria, mwingine debe, na tangu siku ile tukashika zamu mpaka mavuno.

Nikamwambia Donat usiku ule, "Kwa hiyo umekubali." Akanuna. "Nilifukuza ndege. Sikusema nitashiba."

Siku ya mavuno, wee! Tulitwanga mpaka vinu vikaimba. Kulthumu akapika wali kwa karanga, samaki pembeni, maharage, na sombe ya majani ya muhogo. Kila nyumba ilikaa na sinia yake mbele ya kanisa. Clovis naye alikuja na lori lake na majembe ndani, akapewa sahani, akala bila kuvua miwani. Watu wakala wakanyamaza, na watu wa Kwa Kalaba hawanyamazi kwa bure. Donat alikula sahani moja, akapangusa mdomo, akaenda zake.

Jua likaanza kushuka. Ile ndiyo saa ya moshi wetu. Kila siku ukisimama kilimani unaona kila jiko linafuka. Chifu akashika fimbo yake, Clovis nyuma yake, wakaanza kutembea. Kulthumu akakaa mlangoni kwake, mikono mapajani, akitazama upande wa kaburi la Zakari. Jiko la kwanza, baridi. La pili, baridi. Nilikuwa nawaona wakikaribia, nikageuka kutazama nyumbani kwangu. Ee Mungu wangu! Donat anatoka jikoni na sufuria.

"Papa Hénoc!" nikamwita kwa jina la mtoto wetu wa kwanza, ili akumbuke ana familia. "Unaenda wapi na ile sufuria? Utaniua?"

Akapita mbele ya chifu, akampita Clovis, na kijiji kizima kikamfuata, mimi mbele. Akafika mlangoni kwa Kulthumu, akasimama na sufuria tupu mikononi, kichwa chini.

"Yaya," akasema. "Ukoko... iko?"

Kulthumu akapiga kicheko ambacho nilikuwa sijakisikia tangu Zakari alipokuwa hai. Akaingia ndani, akakwangua chungu chake krr, krr, akamjazia ukoko wa dhahabu. Donat akala palepale amesimama, mbele ya chifu, mafuta yanamtiririka kidevuni.

Chifu Kalaba akazunguka, akatazama mapaa yote. Hakukuwa na hata uzi wa moshi. Akamwambia Clovis, "Kijana, lori yako igeuke. Bonde limejaa." Clovis akavua miwani, akamwuliza Kulthumu kama anaweza kununua gunia moja.

Ninyi mliopo mjini hamjui kelele zilizopigwa. Reli iligongwa mpaka tukadhani itapasuka. Mabati ya kanisa? Tutayanunua kwa mchele, mwaka huu nyumba nyingi zimeshalima mpunga pembeni mwa bonde. Donat naye ana kipande chake. Anapalilia akiwa ameinama mpaka pua inagusa maji, na kila shina akilishika anapaza sauti, "Yaya Kulthumu! Hii ni muchele ao ni majani?"

Kulthumu anamjibu kutoka chini ya kilima, ambako anakwenda kila asubuhi kufagia kaburi. "Acha kwanza, papa! Nakuya!" Na anakuja. Yupo. Haendi popote.