Tisa Iliyosimama kwa Makumi

Tulipokuwa wadogo pale Makina, kompyuta ilikuwa moja tu. Ilikaa kwa ukumbi wa vijana, imefunikwa kitambaa cha kushonwa kama kiti cha wageni. Wewe mtoto wa leo unayelala na simu, enzi hizo ungenawa mikono kabla ya kuigusa. Harufu ya mandazi ilipoingia dirishani, tuliamini mashine nayo inaisikia.

Dada yangu Zubeda ndiye alijua kuiandikia programu. Ligi ya mitaa ilipoisha, akaifanya ichape jedwali la pointi. Bingwa alikuwa anapewa mbuzi, na mbuzi mwenyewe alikuwa amefungwa nje, akitafuna bango la ligi.

Karatasi ikatoka. Vijana wa mtaa wa Congo, kule Kawangware, 12. Sisi 9. Lakini Zubeda alikuwa amezipanga namba zianzie kushoto kama majina, kwa hivyo 9 yetu ikasimama chini ya ile 1. Sasa baba, mwenyekiti wa ligi, alifunzwa hesabu kwa daftari la miraba, na kwa kiboko. Wimbo wake nyumbani ulikuwa huo huo: "Makumi chini ya makumi, mamoja chini ya mamoja." Akavaa miwani, akashusha kidole, akatangaza, "Makina, tisini."

Tisini, na tulikuwa tumecheza mechi za kuhesabu kwa vidole. Nani angeuliza, na mbuzi yuko pale? Zubeda alijaribu kueleza, akaambiwa aache kuharibu sherehe. Mbuzi akachinjwa.

Alasiri vijana wa Congo wakafika kwa miguu, na jezi zao, kuchukua mbuzi wao. Mbuzi alikuwa anachemka. Tulijua tutapigwa. Zubeda, machozi yakimlengalenga, akaongeza nafasi moja mbele ya 9, akachapa tena. Tisa ikasogea chini ya 2, na ubingwa ukatutoka. Baba akaangalia karatasi, akaangalia sufuria.

"Mbuzi ni wenu," akasema kwa sauti ndogo.

Kapteni wao akafunua kifuniko. "Sasa mzee, supu tutabeba na mifuko? Leta sahani, tukule wote."

Siku hizi simu yenyewe inapanga namba, zimenyooka kabisa. Vijana wakishindwa wanatukanana mtandaoni, kila mtu kitandani kwake. Mimi nawakumbuka wale wa Congo. Walitushinda uwanjani, tukawachinjia mbuzi wao, na bado ndio waliotupakulia.