Habari Nilizompelekea Mama Edani

Sina kifua, na sijawahi kudai kuwa nacho. Tangu utotoni habari ikiniingia sikioni hutokea mdomoni, tena imetiwa chumvi njiani. Hilo nililirithi kwa mama, ila yeye chumvi yake aliipima.

Tulikaa Ngara, katika nyumba ya mawe yenye ua katikati na bomba moja, familia nne, tatu kati yake watu wa pwani. Baba alikuwa ametutoa Mombasa nikiwa mdogo, alipopata ukarani katika bohari la nguo. Mama hakuupenda mji ule mkuu wa bara hata siku moja. Baridi yake, alisema, inaingia mpaka kwenye meno. Alichokipenda ni ule ua. Nani kaposwa, nani kaachishwa kazi, nani kaletewa barua kutoka Lamu na inasemaje, yote yalipita kwake kwanza ndipo yafike barabarani.

Baba alifariki mwaka ule ambao Wahindi wengi wa mtaa wetu walikuwa wakiuza vitanda na makabati wapate kuhamia Uingereza. Mama akaingia edani. Miezi minne na siku kumi, nguo nyeupe, hakuna wanja, hakuna udi, na mguu hauvuki kizingiti. Mwanamke aliyezoea kuuzunguka ua kutwa akabaki na chumba na dirisha lenye pazia. Alihama kitandani akaja kitini, akatoka kitini akaenda dirishani. Alikunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Nilipomtazama nilihisi ni mimi niliyefungiwa, maana nami si mtu wa kutulia. Nikikaa kitako dakika kumi miguu huniwasha.

Basi nikawa gazeti lake. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nashika simu katika ofisi moja mjini. Jioni nilirudi kwa miguu, nikashuka River Road, nikavuka mto, nikapanda Ngara, macho huku na huku nikitafuta cha kumpelekea. Sijavua viatu keshaanza.

"Haya, nambia. Mtaani kuna nini?"

Namwambia wale wa nyumba ya kona wameuza jokofu bila neno, lakini mke alilia cherehani ilipobebwa. Namwambia mke wa seremala, jirani yetu wa ukuta, amemfokea muuza maziwa kwamba maziwa yake ni maji matupu. Mke huyu wa seremala alikuwa Mluhya, na mama alimpenda kuliko baadhi ya ndugu zetu.

"Alimwambiaje hasa? Nataka maneno yenyewe."

Maneno yenyewe mara nyingine sikuyasikia. Niliyatunga. Mama alijua natunga, akaniachia.

Mwezi wa tatu wa eda simu ililia ofisini asubuhi, kutoka Mombasa. Alikuwa mjomba, kaka yake mama. Bibi ameanguka, akasema, na upande mmoja wa mwili umelala.

"Mamako asijue. Mimi namjua dadangu. Atavunja eda aje mbio, na watu watasema nini? Mwache amalize."

"Bibi anamuulizia?"

"Yuamuulizia. Wewe funga mdomo wako."

Siku ile nilichomeka waya za simu mahali pasipo pake. Aliyetaka Westlands nilimpa Karen. Njia nzima nikirudi nilijiambia nitamwambia, dini au si dini, nitamwambia. Nikaingia. Mama alikuwa dirishani, kidole kimeshika pazia.

"Mjomba wako hajapiga simu? Wiki ya pili hii. Mamangu yuasemaje?"

Niliutazama uso wake ulivyokonda. Nikaona nikimwambia hatalala wala hatakwenda, atazunguka chumba hiki mpaka aanguke na yeye.

"Amepiga," nikasema. "Bibi hajambo. Amegombana na muuza mbaazi. Amemwambia mbaazi zake zina mawe kuliko barabara ya Malindi."

Mama alicheka. Hakuwa amecheka tangu baba azikwe. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa nguo, akasema ndivyo alivyo, mwanamke yule haonewi. Kicheko kile ndicho kilichoniharibu. Kesho yake nilikitaka tena, nikampa bibi aliyekataa meno ya bandia. Siku iliyofuata nikampa bibi anayeagiza mwanawe avae sweta. Mama akaanza kumjibu, mwambie hivi, mwambie vile, nami nikayapokea majibu yale nisijue niyapeleke wapi. Kila asubuhi mjomba alipiga. Kila asubuhi maneno yake yalipungua. "Bado yuamuulizia," kisha kwaheri.

Nilikuwa nakaribia kupasuka. Asubuhi moja bombani nikamweleza mke wa seremala.

"Wee msichana," akasema, "ambia mama yako leo. Hiyo ni mama yake, si ya jirani."

Nikamjibu kwa ukali kwamba yeye si Mwislamu, hajui eda ni kitu gani. Alinitazama, akajitwika ndoo yake akaenda.

Siku ya tisa mjomba alipiga mapema. Bibi alikuwa amefariki alfajiri, na atazikwa adhuhuri. Niliomba ruhusa, nikaenda mbio hadi nyumbani. Mama aliponiona mlangoni saa ile alijua kuna msiba.

"Nani?"

"Bibi."

Aliketi sakafuni polepole. "Aliugua?"

"Siku tisa."

"Na yule muuza mbaazi?"

"Hapakuwa na muuza mbaazi, mama."

Aliweka mikono mapajani. Kisha akauliza, "Aliniulizia?"

"Kila siku."

Alasiri alikuja mwalimu wa madrasa kutusomea dua. Mama alimuuliza kutoka nyuma ya pazia kama angeruhusiwa kwenda. Mwalimu alikuwa mtu wa sauti ya chini, na siku ile ilizidi kushuka.

"Mzazi yuko mahututi na anakuita? Kwa dharura ya namna hiyo ingetafutwa njia. Mngeniuliza."

Alikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Siku tisa nilipita mlangoni pake nikienda kazini na nikirudi. Mimi na mjomba tulijua tu kwamba aliye edani hatoki, basi, tukaifanya dini kuwa ngumu kuliko anayeisomesha. Mjomba nilimkasirikia miaka mingi. Lakini mjomba alinyamaza tu. Aliyetunga ni mimi, na haya yake ninayo mpaka leo.

Mama hakunigombeza, na laiti angenigombeza. Alimaliza eda, akaoga, akabadili nguo, akatoka uani na wanawake wakamlaki. Akaketi na mke wa seremala, akamuuliza habari zote za mtaa zilizompita: cherehani, maziwa, nani kahama, nani kahamia. Zote nilikuwa nimeshampa. Aliziuliza upya, moja moja, na mimi nimesimama pale pale.

Mimi akawa ananiuliza tu kama nimekula, si habari za mtaani. Wala hakuwa na kinyongo. Alinipakulia, akanifunikia chakula, akanifulia sare ya kazi. Jioni moja ya masika niliingia nywele zimenilowa, nikamwambia mvua inanyesha, tuanue nguo. Alinitazama, maji yakinidondoka sakafuni. Kisha akainuka, akaenda mlangoni, akatoa mkono nje.