Kitenge Ndani ya Ndoo ya Michembe

Pwani sijawahi kufika. Joto ninalolijua ni la hapa Igoma, jua la kupasua midomo, lakini ukikaa kivulini unapona. Hilo la kuloa mwili umekaa tu, mimi niliona ni hadithi za watu wa safari.

Mjukuu wangu nilimlea tangu ana miaka minne, mama yake alipofariki. Huyo mama yake ndiye aliyekuwa mtoto wangu pekee. Nimeuza dagaa sokoni Buzuruga, nimelima, mjukuu akasoma mpaka akawa muuguzi. Hilo nalisema kwa sauti, anayechukia achukie. Basi akapangiwa kazi Tanga.

Siku ya kufunga mzigo aliweka magauni mepesi begini, sweta nililomnunulia akalirudisha kitandani. Akaniambia huko hewa ina maji, na ameonywa asibane kitu kwenye nailoni, kitaota ukungu. Nikamjibu kwamba mimi nimefunga mizigo ya maharusi na ya maiti kabla yeye hajazaliwa.

Michembe naijua. Viazi vitamu nakata mwenyewe, naanika juu ya mawe nyuma ya nyumba mpaka vikigongana vilie kama kokoto. Vikikauka hivyo, unafunga, vinakaa mwaka. Nikajaza ndoo. Juu yake nikalaza kitenge cha mama yake, ndani ya nailoni.

Kitenge hicho hakikufuliwa tangu marehemu avuliwe. Kila nilipozidiwa nilikifungua, nikanusa, nikafunga. Kilinuka moshi na jasho lake. Mjukuu wangu sura ya mama yake haikumbuki, lakini harufu ile aliikumbuka. Ndiyo maana nilimpa, nikabaki bila kitu. Nikafunika ndoo, nikazungusha selotepu, nikamwambia asifungue mpaka siku ambayo upweke utamshinda.

Kila nikipiga simu namuuliza. Bado, bibi. Bado. Miezi ikapita, siku moja akasema amefungua, michembe ni mitamu, amewagawia wenzake. Na kitenge? Kipo. Nikafurahi kama mjinga.

Mwezi wa kumi na mbili akaja likizo. Akanipa shikamoo, akanipa kitenge, kimepigwa pasi. Nikakinusa kabla hata ya kumwitikia. Sabuni. Nikakikunjua, nikakuta madoa meusi kila mahali.

Nilimfokea. Nilimuuliza ni nani aliyemtuma kufua, kama huko Tanga watu hawana mama. Akaniacha nikamaliza.

"Bibi, hewa ya kule ilipenya, vikaoza vyote pamoja," akasema. "Michembe ilikuwa na manyoya ya ukungu. Nilitaka nikinuse, nikatapika. Nimekifua mara tatu huku nalia. Nikakudanganya kwa sababu najua ungejilaumu."

Nikaenda jikoni kupuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

Siku ya kurudi kazini nilikaa pembeni, mikono mapajani, nikamwambia afunge anavyojua yeye. Alifunga haraka, vitu vichache. Kitenge akakiacha juu ya mto wangu.

"Kaa nacho, bibi. Kule kitaisha."

Sikumwambia nisamehe. Neno hilo kwa mjukuu halinitoki mdomoni. Nilimsindikiza stendi nimekivaa, akakiona, akapanda basi.

Sasa nakivaa nikienda kuanika viazi. Kimeanza kunuka moshi tena. Ila huu ni moshi wangu mimi.