Mti wa Kumi na Nane

Mama Sinyang wa Sanggau amegema mpira tangu utotoni, lakini hakuwahi kuiona ramani ya kijiji chake mpaka alipokuja Prasojo, mtaalamu kutoka mjini, akamwajiri amwongoze kwenye vituo mia mbili vya kuhakiki ramani. Prasojo alikuwa na ramani mbili za setilaiti: moja ilisoma rangi ya majani, nyingine ilitumia rada. Itakayolingana zaidi na hali halisi ndiyo ingepelekwa serikalini, na palipoandikwa msitu wanakijiji wasingekanyaga tena.

Kila kituo Prasojo aliuliza, "Hapa ni pa nani?" Kwenye mpunga na mipira, Mama Sinyang alitaja wenyewe. Lakini walipoingia tembawang, bustani ya midoriani kwenye mahame ya mababu, alijibu kama alivyolelewa, maana chini ya mdoriani mtu hasemi "pangu."

"Pa atakayeokota," alisema.

Prasojo akakosa jina la mwenyewe, akaandika: msitu.

Ramani ya rangi ikalingana kwenye vituo 182, ya rada 171. Mama Sinyang alipoonyeshwa ramani iliyoshinda, akakuta bustani yote imemezwa na kijani.

"Nani kasema huku msitu?"

"Si wewe, mama!"

"Mimi? Una wazimu, mwanangu! Miti hii imepandwa!"

"Na nani?"

"Haya, hilo ndilo swali! Ungeniuliza hivyo toka mwanzo tusingechoshana. Vaa viatu."

Vituo vya bustanini vilikuwa kumi na vinane, kila kimoja chini ya mdoriani wake. Kule mdoriani huitwa kwa jina la aliyeupanda, naye akamtajia mmoja mmoja.

"Huu Nyangko, babu yake mume wangu. Huu Tipung. Alikuwa mchoyo huyo, na doriani zake chungu hadi leo."

Prasojo alifuta, akaandika upya: bustani.

Chini ya mti wa kumi na nane Mama Sinyang aliligusa gome. Alilizunguka shina mara mbili. Jina lile aliambiwa na marehemu mama yake, tena zaidi ya mara moja, na sasa halikuja. Aliona aibu.

"Taja lolote, mama. Nani atajua?"

"Aliyeupanda. Andika msitu."

Hesabu iliporudiwa, rada ikashinda, 188 kwa 165. Bustani ilibaki yao, isipokuwa doa moja la kijani penye mti wa kumi na nane. Msimu wa doriani ukifika, Mama Sinyang hupita kando ya mti ule bila kuokota, akimwomba radhi mtu ambaye jina lake limempotea.