Nyayo za Mama kwenye Karatasi ya Masizi

Siku yangu ya kwanza kazini niliamriwa nivue viatu. Nilikuwa nimevinunua kwa ajili ya siku hiyo, vyeusi, vya ngozi, visigino vyake vikilia nikitembea, na nilitaka watu wavisikie. Mjiolojia aliyekuwa mkuu wa kituo alinisimamisha mlangoni akanyoosha kidole chini.

"Vua," akasema. "Humu ndani tembea kama mwizi. Mashine ikikusikia itakuandika."

Nilidhani ananitania. Alikuwa Mzungu mrefu aliyejifunzia Kiswahili kambini pamoja na wapagazi wake. Kiswahili chake kilikuwa kikavu, hakina salamu, na nilichukua muda kujua kwamba mtu huyo hakutania kabisa. Kituo chetu kilikuwa mlimani juu ya mji wa Homa Bay: chumba kimoja cha kazi, na chini yake chumba kingine kilichochimbwa mpaka kwenye mwamba wenyewe. Humo chini ndimo ilimokaa seismografu, yaani mashine ya kuandika mitetemo ya ardhi. Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya sitini, mvua zilipokataa kukoma na ziwa likapanda mpaka likaingia kwenye mashamba ya watu.

Wajukuu zangu wanaona mashine kuwa kitu chenye kioo na taa. Yetu ilikuwa na uzito wa chuma ulioning'inizwa kwa springi. Ardhi ikitikisika, kila kitu hutikisika nayo, nyumba, meza, hata wewe mwenyewe. Lakini uzito ule mzito huwa mvivu kusogea, unabaki nyuma. Tofauti hiyo ya kubaki nyuma ndiyo iliyosukuma sindano nyembamba juu ya silinda iliyozunguka polepole. Silinda tuliivisha karatasi laini iliyopakwa masizi ya taa ya mafuta, nyeusi tii, na sindano ilipopita ilikwangua mstari mweupe. Kila asubuhi nilibandua karatasi, nikaichovya kwenye vanishi ili masizi yashike, nikaianika, kisha nikavisha nyingine. Miaka yote hiyo kucha zangu hazikuwahi kutakata, na wasichana wa Homa Bay walidhani nauza makaa.

Kulikuwa na sheria moja isiyovunjwa. Mashine ilisikia kila kitu: upepo kwenye miti, lori barabarani, mawimbi ya ziwa siku ya dhoruba, na zaidi ya yote ng'ombe. Kabla ya karatasi kuingia kwenye vanishi, kila alama ambayo haikuwa tetemeko ilibidi iandikwe jina pembeni kwa ncha ya msumari, ili wakubwa wa Nairobi wasije wakachora tetemeko mahali ambapo fahali alijikuna mgongo. Kwa hiyo niliandika: lori, upepo, ng'ombe, ng'ombe, ng'ombe.

Kisha asubuhi moja nikakuta kitu kingine. Mstari ulikuwa umetulia, halafu ghafla ukaruka kidogo, ukatetema, halafu baada ya pengo refu ukaruka tena kwa nguvu zaidi, na baada ya hapo ukapanda na kushuka kwa mapana, taratibu, raundi baada ya raundi ya silinda. Nilimwita Mjiolojia. Akainama, akavua miwani.

"Hii si ya kwetu," akasema. "Imetoka ng'ambo ya bahari, labda Japani. Imepita tumboni mwa dunia ikaja kubisha hodi Homa Bay."

Hapo ndipo aliponifundisha. Miamba iliyo chini sana husukumana kwa miaka mingi bila kuteleza, kama watu wawili walioshikana mieleka, mpaka siku inapoteleza mara moja. Kuteleza huko hutoa mawimbi. Wimbi la kwanza huenda mbio, likisukuma na kuvuta ardhi mbele na nyuma. La pili ni la polepole, linayumbisha ardhi kando. Kadiri pengo kati ya hayo mawili linavyokuwa refu, ndivyo tetemeko lilivyo mbali. Akaniambia pia kwamba ndani sana ya dunia kuna chuma kilichoyeyuka, na kwamba hilo lilijulikana kwa sababu wimbi la pili haliwezi kupita humo. Nilikaa kwenye kiti nikaishika meza. Kulikuwa na watu waliokuwa wameona ndani ya dunia kwa kusikiliza tu. Sijapata kustaajabu tena kama nilivyostaajabu siku ile, na nimeona mengi.

Baadaye nilipelekwa upande wa Migori na mashine ndogo ya kubeba, karibu na machimbo ya shaba na dhahabu, ili nijifunze kutofautisha baruti na tetemeko. Huko mkubwa wangu alikuwa nyapara wa baruti, Mkuria mnene aliyependa kunishtua. "Leo nitakuandikia barua," alikuwa akisema, kisha analipua. Baruti huanza kwa kishindo kikali na kwisha upesi. Wimbi lake la pili ni dhaifu. Nilijifunza kuitambua kama unavyotambua sauti ya jirani.

Mjiolojia alikuja kunikagua, tukala katika hoteli ya Mswahili mmoja mjini. Mbele yetu palikuwa na sahani ya ugali wa mtama na bakuli la uji. Akaishika meza kwa mikono miwili akaitikisa, wateja wote wakageuka. Ugali haukujali. Uji uliyumba, ukamwagika, na hata alipoacha kutikisa uliendelea kuyumba.

"Mwamba ni ugali," akasema. "Udongo laini wa ufukweni ni uji. Na tetemeko haliui mtu aliyesimama shambani. Kinachoua ni ukuta. Mama yako anakaa juu ya nini?"

"Uji," nikamjibu, nikaisogeza sahani kando.

Mama alikuwa mjane, na dala yake, yaani boma alilojengewa na marehemu baba, ilikuwa Karungu, mahali ambapo ukichimba kidogo unakuta mchanga na maji. Ziwa lilipopanda lilisogea mpaka karibu na mtama wake. Jirani yake, mama mmoja aliyeitwa na wote Nyar Gwasi kwa sababu alizaliwa Gwasi, alikuwa na mwana mfanyabiashara Oyugis, naye alikuwa amemjengea mamake nyumba ya mawe. Mawe mazito yaliyopangwa kwa udongo na chokaa kidogo, bila hata waya ndani. Nyumba ya kwanza ya mawe pwani yote ile. Watu walikuja kuigusa.

"Na mimi?" Mama aliniuliza nilipokwenda likizo. "Serikali inakulipa kutazama sindano, na mama yako analala kwenye udongo. Nijengee ya mawe, wuoda." Wuoda ni mwanangu, na Mama alilitumia neno hilo alipotaka kitu.

"Ya mawe sitakujengea, Mama. Itakuangukia."

"Iniangukie kwa nini? Umewahi kuona nyumba ya mawe ikianguka?"

Sikuwahi. Nilianza kueleza uji na ugali, akainuka akaenda kupepeta mtama. Ningewezaje kumlaumu? Mtoto mwenye mshahara asiyemjengea mamake alikuwa habari ya soko zima. Na kumhamisha haikuwezekana. Kwetu mjane hahami peke yake kutoka dala aliyoachwa na mumewe, na mama hakai katika dala ya mwanawe. Ilibidi abaki pale pale, juu ya ule uji, na mimi ndiye niliyepaswa kuamua atalala chini ya nini.

Kila mwisho wa mwezi Mama alikuwa akinitumia kwa kondakta wa basi furushi la obambla, samaki waliopasuliwa na kukaushwa juani. Mwezi ule furushi halikuja, wala uliofuata. Nilikwenda kituo cha basi nikiwa na matumaini ya kijinga, nikarudi mikono mitupu. Iliniuma kuliko kama angenitukana.

Nikarudishwa Homa Bay. Siku moja mchana, mimi na Mjiolojia tukiwa tumeinamia silinda, sindano ilianza kucheza. Alama ndogo ndogo, zikitulia, zikaendelea, zikatulia tena.

"Ng'ombe," akasema Mjiolojia.

"Ng'ombe hapumziki hivyo, bwana. Huyu ni mtu anayepanda mlima na mzigo kichwani. Na nyuma yake kuna mwingine."

"Basi nenda umfukuze."

Nilitoka. Alikuwa Mama, na furushi kichwani, na nyuma yake Jaduong', yaani mzee wetu, ndugu ya marehemu baba, akihema. Mama hakunisalimia. "Nimekuja kwa mkubwa wako," akasema. "Nimekuja kukushtaki."

Nilitaka ardhi inimeze, nami nilijua vizuri jinsi inavyoweza. Mjiolojia aliposikia aliwakaribisha ndani kwa furaha ambayo sikuwahi kumwona nayo. Kwanza akawaonyesha karatasi. "Hizi ni hatua zako," akasema, nami nikatafsiri kwa Dholuo. "Hapa umepumzika. Hapa umeanza tena."

Mama alitazama zile alama kwa muda mrefu. Kisha akaonyesha karatasi nyingine iliyokuwa ukutani, yenye mawimbi makubwa. "Na huyu ni nani aliyepita?"

"Huyo ni ardhi ya mbali, Mama, ng'ambo ya bahari. Ilitikisika kule, nyumba zikaanguka, na mtikisiko wake ukapita hapa chini yetu."

"Chini ya miguu yangu?"

"Chini ya miguu yako. Ulikuwa unalima, hukusikia."

Mama aliinua mguu mmoja, akaitazama sakafu, akaurudisha chini taratibu sana, kama mtu anayekanyaga karibu na mtoto aliyelala. Ndipo Mjiolojia alipouliza kwa nini asihamie mlimani, na Jaduong' akamjibu kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Bwana, hiyo dala ndugu yangu alijenga yeye mwenyewe. Kaburi yake iko hapo. Huyu mama ataenda wapi? Huyo si kuku ya kubeba."

Mjiolojia akatikisa kichwa, akafikiri, akamgeukia Mama. "Kwenye nyumba ya mawe unapenda nini?"

"Nataka ionekane," Mama akasema. "Mtu akiwa ndani ya mashua ziwani, aseme pale kwa fulani pana mtoto."

"Basi mpe mabati," akaniambia. "Mabati ni mepesi, na yataonekana mpaka Uganda." Akachukua karatasi yenye masizi akachora kwa kidole: nguzo zilizozikwa chini sana, miti ya kukingama kwa pembe, vyote vimefungwa kwa waya, udongo mwepesi katikati. Nyumba ya kuyumba bila kuvunjika. Mama akauliza mawe yatawekwa wapi. Nikamwambia mawe mawili mlangoni, ya kuketi. Hakucheka, lakini furushi aliliacha mezani, nalo lilikuwa obambla.

Niliijenga kwa mikono yangu wakati wa likizo, tukaipaka chokaa. Watu wa Karungu walisema mtoto wa serikali amejenga kiota, na Mama alinipasha habari zao zote.

Msimu mwingine wa mvua kubwa ulikuwa umepita, na mchana mmoja nilikuwa nikinoa ncha ya sindano ya akiba, mashine ilipopiga kelele chini. Sindano iliruka ukingoni mwa silinda ikapasua karatasi. Kikombe kikatembea mezani. Nilisikia kwa miguu lile wimbi la kwanza, na karibu mara moja lile la pili. Pengo fupi sana. Mjiolojia nami tulitazamana. Sote tulijua maana yake. Lilikuwa jirani, na ngurumo yake ilikuwa imetokea kusini-magharibi, upande wa Karungu.

Kazi yangu ilikuwa kuvisha karatasi mpya kabla mitetemo midogo inayofuata haijapita. Nilisimama nayo mkononi, nikiutazama mlango.

"Nenda," akasema. "Masizi hata mimi najua kupaka."

Njiani nilimwomba Mungu kwa lugha zote ninazozijua. Nilipofika ufukweni niliona mchanga umetoka ardhini pamoja na maji, vichuguu vidogo vyenye mdomo, kwa sababu udongo uliolowa ukitikisika husahau kuwa udongo. Ukuta wa pembeni wa nyumba ya mawe ulikuwa umelala ndani, juu ya kitanda cha Nyar Gwasi.

Mbele kidogo mabati yaliangaza. Kuta zilikuwa zimepukutika lipu, nguzo moja imeinama, lakini nyumba ilisimama. Mlangoni, kwenye mawe mawili, waliketi wanawake wawili. Nyar Gwasi alikuwa amekuja kunywa chai na kuicheka nyumba yetu, na hakuwa amemaliza wala chai wala kucheka.

"Ilitubeba kama mtoto mgongoni," Mama akaniambia. "Ikatupeleka huku, ikaturudisha." Akanitazama. "Wewe ulijua kwamba inakuja leo?"

"Sikujua, Mama. Hakuna anayejua siku."

"Lakini ulikataa mawe."

"Nilikataa."

Akanishika mkono wenye masizi akaupangusa kwa leso yake, bure, maana hayatoki. Nyar Gwasi alikaa kwetu mpaka mwanawe alipomjengea nyumba nyingine, naye alikuja kwanza kuzipima nguzo zetu.

Nimestaafu miaka mingi sasa. Vijana huniuliza lingine litakuja lini, nami nawajibu nilivyomjibu Mama, nao wanaondoka wakidhani sikusoma. Mama aliposhikwa na uzee alifia kitandani mwake, ndani ya nyumba ile ile. Kwetu nyumba ya mjane aliyefariki haikarabatiwi. Huachwa ianguke yenyewe. Ile yake ilichelewa kweli. Mchwa waliifanyia kazi miaka na miaka kabla haijakubali.

Karatasi zetu zote zilipelekwa Nairobi na kutiwa kwenye makabati pamoja na matetemeko ya dunia nzima. Siku ile Mama alipoondoka kituoni, nilichukua msumari ili kuandika jina la ile mitikisiko, kama sheria ilivyotaka. Mjiolojia alisimama nyuma yangu, akasoma, akaniacha. Kwa hiyo mahali fulani huko, katikati ya Japani na milima inayotema moto, mstari mweupe unapanda mlima wa Homa Bay, unapumzika, unapanda tena, na pembeni yake pameandikwa kwa mkono wangu: Mama.