Pembe za Kuazimwa

Walisema sitamaliza msimu mmoja wa mvua. Shemeji yangu, anayechaji simu za watu karibu na soko, alilisema hilo mbele ya mke wangu na mbele ya wateja wake: "Weye? Na diplome ya Afrika ya Kusini? Kukwangula mapembe njo kazi ya bazee. Utachoka, utarudia kule kule." Watu wakacheka. Nami nikacheka, maana mtu aliyelinda magari ya wengine ili ajilipie chuo cha ufundi wa mashine, akatoka na cheti chenye muhuri, hatishwi na mdomo wa mchaji simu.

Nilirudi Likasi na sanduku la tupa, misumeno midogo na jiliwa la kubania kazi. Nikafungua karakana nyuma ya nyumba ya mama mdogo, aliyenilea. Leo wavuvi wa ziwa la Mwadingusha wanafuma nyavu kwa sindano zangu: bapa, ndefu kidogo kupita kiganja, zenye ulimi katikati wa kuzungushia uzi. Sindano ya plastiki huvunjika ulimi. Ya mti huvimba ikilowa. Ya pembe hupita kwenye fundo kama imepakwa mafuta. Natengeneza pia ndoana, na filimbi za kuitia kanga. Hakuna mwingine mjini anayezitengeneza hivi. Anayebisha aje azishike.

Pembe za ng'ombe napata machinjioni. Za mnyama wa porini ni jambo jingine. Kwetu, pembe ya mnyama aliyewindwa na mtu wa nyumba yako huiuzi. Unamwazima fundi, naye anakurudishia chombo kilichotoka katika pembe hiyo hiyo, mabaki yanakuwa yake. Kabla ya kuitoa, mwenyewe anachoma alama yake kwa ncha ya kisu cha moto kwenye mfupa wa ndani, ule unaotokeza chini ya pembe. Nje haiguswi, kwa sababu hakuna anayetaka kuharibu uzuri wake.

Mwaka wangu wa kwanza watu kadhaa waliniamini wakaniazima. Mbili kati ya pembe hizo zilikuwa za kuro, yule swala mkubwa wa mabondeni. Moja ililetwa na mwindaji wa zamani anayevunja mawe huko Kakontwe, mtu wa sauti kubwa. Ya pili ilitoka kwa mjane wa Buluo anayefumia wavuvi nyavu. Mumewe alimpiga kuro yule, akaugua, hakuwinda tena. Alipokufa, ndugu zake walichukua bunduki, baiskeli na kitanda. Pembe ilibaki kwa sababu ilikuwa juu ya jiko, nyeusi kwa moshi, na hawakuiona. Mjane alinipa kwa mikono miwili.

"Papa, minye nataka sindano moya tu. Nikifuma, nifume na ya bwana yangu."

Nikamwahidi kwamba ataipata kabla ya ziwa kufunguliwa. Miezi hiyo uvuvi hufungwa ili samaki wazae, na watu hukaa nyumbani kutengeneza nyavu. Ni wakati ambao sindano inatakiwa.

Pembe lazima ichemshwe ndipo ganda lichomoke kwenye mfupa wake. Wazee wanachemsha za mwenye mali mmoja, wanamaliza, ndipo wanaleta za mwingine. Lakini umeme ulikuwa umekatika kwa muda mrefu, ingawa nyaya kutoka bwawa la umeme zinapita juu ya mtaa wetu mchana kutwa, na makaa yote sokoni yalikuwa yamelowa mvua. Nilikwangua masizi, nikaziweka zote katika nusu pipa moja, juu ya moto mmoja. Hata leo nasema ilikuwa akili. Mifupa yenye alama ilikuwepo, na kila mfupa unaingia katika ganda lake tu, kama mguu katika kiatu ulichokizoea.

Zilichomoka zote. Nikaziacha zipoe, nikaenda kutafuta msasa. Niliporudi, maganda ya pembe yalikuwa yamepangwa vizuri ukutani, na uwanja umefagiliwa.

"Mama, mifupa iko wapi?"

"Mifupa gani? Ile ya kununka?" Mama mdogo alikuwa anatabasamu. "Nilitupa kule kwa mabichafu. Mapembe yako yote iko pale, sikuguse hata moya."

Nilikimbia. Mbwa wa mtaa mzima walikuwa wamefika kabla yangu. Nilimfukuza mmoja mpaka nyuma ya kanisa, mwingine nikamnyang'anya chini ya gari bovu, nimevaa shati langu la kola, na wanawake waliokuwa wanachota maji wameacha ndoo zijae na kumwagika.

"Injenieri anagombana na mbwa!"

"Papa, nyama iko soko! Kuya tukuchangie!"

Nilirudi na mifupa mingi, mingine imetafunwa. Nikaanza kuijaribu, mfupa kwa ganda, mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja ulipata nyumba yake. Mwishoni yakabaki maganda mawili ya kuro, na hakuna mfupa.

Nilirudi jalalani kesho yake, na kesho kutwa. Nilichokora majivu kwa kijiti. Mvua ilikuwa imepita, imesomba kilichobaki. Nikazichukua pembe mbili, nikazipima unene kwa chombo changu cha chuma, nikahesabu pete zake, nikazinusa. Zote za upande wa kushoto, zote za dume aliyekomaa, zote zimekaa miaka juu ya jiko. Nilijua kila kitu juu ya pembe zile isipokuwa ni za nani.

"Umupatie kila mutu moya yoyote," mama mdogo akasema kwa sauti ndogo. Alikuwa ameacha kutabasamu. "Nani atajua?"

Kila Jumapili baada ya ibada mjane alinisubiri mlangoni pa kanisa. "Papa, ile sindano iko inakuya?" Nami nasema, "Iko inakuya, mama." Anashukuru, anakwenda. Sijawahi kuogopa mkutano wa wakubwa wala mtihani, lakini nilianza kutokea mlango wa nyuma.

Mwindaji wa Kakontwe alikuja mwenyewe karakanani. Aliziona mbili juu ya meza, akagonga ile iliyozidi nyingine kidogo kwa urefu.

"Hii njo yangu."

"Una hakika, baba?"

"Weye njo uliazima, weye njo unaniuliza? Minye nilikuwa nawinda, sikukuwa nategea panya!"

Ningemkatalia kwa lipi? Ningemkubalia kwa lipi? Nilimwomba muda. Alipoondoka niliketi na msumeno mkononi mpaka kivuli cha ukuta kikafika miguuni. Kisha nikazipasua zote mbili kwa urefu. Nikachemsha vipande, nikavibana bapa katika jiliwa kati ya vyuma vya moto, nikachonga sindano mbili kutoka kila pembe. Kila mmoja atapewa moja ya pembe hii na moja ya pembe ile, na kwa vyovyote ya kwake itakuwemo. Sijatengeneza sindano nzuri kupita zile nne.

Wiki ambayo ziwa lilikuwa lifunguliwe, niliwaita wote. Walikuja mmoja mmoja, kila mtu akapokea cha kwake kwa alama yake. Nilimweleza mwindaji yaliyotokea. Akazitazama sindano zake mbili, akacheka kwa nguvu. "Mbili kwa moya! Diplome iko na faida!" Akaondoka anapiga mluzi.

Mjane alifika mwisho, kwa miguu kutoka Buluo. Nilimweleza naye, sikuficha hata mbwa. Alisikiliza hadi mwisho. Akaziweka sindano mbili juu ya kitenge chake, akapitisha kidole gumba juu ya moja, kisha juu ya nyingine.

"Sasa ya bwana yangu ni gani?"

"Moja kati ya hizo, mama. Sijui ipi."

"Nilikuletea moya," akasema, "unanirudishia mbili. Na minye nilikuwa nataka moya."

Hakusema kwa hasira. Alizifunga zote mbili katika pindo la kitenge, akanishukuru jinsi mtu anavyomshukuru fundi. Nilimsindikiza hadi barabarani. Siku hiyo nilimaliza kuwalipa wote walioniazima, na hakuna mtu Likasi anayenidai pembe. Nilitembea kando yake hadi njia panda, naye amelishika lile pindo kwa mikono miwili.