Kamera Zilizolala kwa Zamu

Miaka ya tisini nilikuwa fundi wa redio Thika, na ukiniuliza mimi, hakukuwa na fundi mwingine mjini. Dada yangu alikuwa ameolewa Kalimoni, kwenye boma la wafugaji wa kuku, na huko mayai yakaanza kupotea. Baba mkwe wake ndiye aliyepiga kelele zaidi: mwizi ni huyu msichana, na yakipotea tena atarudi kwao. Nilikasirika hadi chakula kikanishinda. Mama mkwe akasema tuhakikishe kwanza.

Nikapeleka kamera tatu kuukuu za kufunga kwenye banda la kuku, zilizotoka kwa duka lililofungwa Ruiru, na televisheni ndogo ya kutazamia jikoni. Stima ilikuwa haijafika kule. Tulitegemea betri ya gari, iliyobebwa kwa baiskeli hadi Thika kuchajiwa, na kamera zote zikiwaka pamoja iliisha kabla kuku hawajamaliza kutaga. Mzee, yule baba mkwe, alifurahi sana.

"Mashine ya fundi imezima tena," aliwaambia majirani.

Basi nikazipangia zamu. Kamera ya mlangoni na ya dirishani zilikuwa zikiona kitu kimoja, kwa hivyo moja ililala nyingine ikitazama. Ile ya viota iliwaka saa za kutaga tu. Betri ikadumu, lakini sikutosheka. Nikang'oa hata vile vitaa vyekundu vya mbele vinavyoonyesha kamera inawaka, maana navyo hunywa moto wa betri, na kwa betri mimi ni bahili kabisa.

Mchana mmoja mzee akaingia bandani, akatazama kamera, hakuona taa hata moja, akajua betri imekufa kama kawaida. Jikoni, sisi watatu tukamwona akivua kofia na kuijaza mayai, polepole, kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Nilibana kicheko hadi machozi yakanitoka. Dada yangu akainamisha uso, kwa sababu si heshima kumtazama baba mkwe akiaibika.

Mama mkwe hakucheka. Alingoja mzee aingie jikoni, kichwa wazi, akiuliza kama betri imekufa.

"Imekufa," akamjibu. Kisha akafungua pindo la leso, akatoa ufunguo wa banda, akampa dada yangu.

"Kwani kutoka leo ni nani ataokota mayai?" mzee akauliza.

"Huyu mwizi wako," akasema mama mkwe. "Na wewe, lete kofia."